Fei Toto: Azam wamuongeze mkataba au wamuuze? Leo nesi wenu naongea mpira

SEHEMU YA 1

Tulikuwa kwenye mfululizo wa chanjo na wiki ijayo tunarudi hukohuko, ile ya surua sijaisahau. Leo nipeni ruhusa niongee mpira.

Najua wapo watakaosema nesi kaishiwa mada. Wala. Msimu wa 2024/25 ulipoisha usajili ulipamba moto, na kila ulipopita ulisikia swali hilohilo: Feisal Salum, huyu Fei Toto wetu, abaki Azam au auzwe? Kina baba wanaosubiri nje ya wodi ya wazazi wanabishana mpaka mlinzi anawaomba wapunguze sauti. Mmoja juzi aliitwa mara mbili kuja kumwona mwanawe, mara zote mbili akajibu "nakuja dada, nammalizia huyu."

Sasa na mimi nina la kwangu, na nalisema mapema ili asiyekubaliana aanze kuandika comment zake sasa hivi. Azam wakae na Fei mezani wiki hii. Wampe mkataba mpya unaolingana na anachokifanya uwanjani. Akisaini, alhamdulillah. Akikataa, wamuuze katika dirisha hilihili. Nisichokubaliana nacho ni ile njia ya tatu, ya kukaa kimya na kumwacha amalize mkataba huku kila mtu anajifanya haoni.

Utauliza inakuhusu nini wewe uliyebeba mtoto wa miezi minne mgongoni. Inakuhusu kwa sababu hapa kuna mshahara, kuna mkataba, na kuna mtoto wa mtu. Wengi wetu nyumbani tunaishi kwa mikataba ya mwaka mmoja mmoja. Na huyo wa kiume wa miaka tisa anayevunja glasi zako kwa mpira sebuleni, unajua anachotaka kuwa.

SEHEMU YA 2

Kwa wasiofuatilia, nawapitisha haraka.

Fei amezaliwa Zanzibar mwaka 1998. Alikuwa JKU kule visiwani, mwaka 2018 akavuka maji kuja Yanga. Akakua pale, akawa kipenzi cha Wananchi. Kisha Desemba 2022 ikatoka habari iliyotikisa mji: Fei ameandika barua anavunja mkataba mwenyewe, na ameiwekea klabu shilingi milioni 112. Milioni 100 za kuvunja mkataba, milioni 12 za mshahara wa miezi mitatu. Piga hesabu hapo, utajua alikuwa analipwa shilingi ngapi kwa mwezi.

Yanga wakazirudisha hela. Kesi ikaenda TFF, kamati ikasema kijana bado ni mali ya Yanga kwa mujibu wa mkataba. Akaomba mapitio, akashindwa. Miezi ikapita. Yanga wanacheza mpaka fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, yeye hayumo uwanjani. Mama yake akajitokeza kwenye vyombo vya habari akasema mwanawe alikuwa anakula ugali na sukari, na nchi nzima ikageuza utani. Mpaka leo ukikuta mtu anakula chakula kisichoeleweka anaambiwa "umekuwa Fei Toto."

Mimi sikucheka sana. Sijui jikoni kwake kulikuwaje, hilo wanalijua wao. Nilichokisikia ni mama anayesema mwanangu hajathaminiwa alipo. Hiyo sauti naisikia kila siku kazini, ya mama anayejua kwamba jambo haliko sawa na watu wanamtazama tu.

Mwanzoni mwa Juni 2023 Rais Samia aliwaalika Yanga Ikulu kuwapongeza, na palepale akawaomba wayamalize na huyu kijana. Siku chache baadaye Fei akatangazwa Azam. Fikiria hilo jamani. Mkataba wa mchezaji mmoja umefika mpaka kwa mkuu wa nchi, jambo ambalo watu watatu wangekaa kwenye chumba kimoja na chai wakalimaliza mwaka mmoja nyuma.

Msimu wake wa kwanza Azam, 2023/24, alifunga mabao 19 kwenye ligi. Na si mshambuliaji wa kati, ni kiungo. Aliyempita ni Stephane Aziz Ki peke yake, mwenye 21. Azam wakamaliza nafasi ya pili, juu ya Simba, wakapata tiketi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Kwa hiyo mtu akikuambia Fei ni mchezaji wa kawaida, mpe maji anywe apumzike.

SEHEMU YA 3

Sasa njoo kwenye sheria, maana hapa ndipo watu wengi wanapopotea.

Kanuni za FIFA zinasema hivi kwa lugha nyepesi: mkataba wa mchezaji ukibakiza miezi sita au pungufu, yuko huru kusaini na klabu nyingine, aende huko mkataba wake ukiisha. Klabu aliyopo haipati ada ya uhamisho hata shilingi. Kabla ya miezi hiyo sita, anayemtaka lazima apige hodi kwa mwenye mchezaji.

Msimu wa 2024/25 ulipoisha, mkataba wa Fei na Azam ulikuwa umebakiza msimu mmoja. Maana yake wakati huo Azam walikuwa na kitu mkononi. Ikifika Januari hicho kitu kimeanza kuyeyuka kama barafu ya mia mbili kwenye jua la Kariakoo.

Na kuna jambo la pili ambalo silisikii likisemwa kwenye vijiwe. Mchezaji akiuzwa nje ya nchi kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ile ada inakatwa na kugawiwa klabu zilizomlea kuanzia umri wa miaka 12 hadi 23. Ndiyo mfumo wa mshikamano wa FIFA. Yaani ile klabu ya mtaani iliyokuwa inamnunulia mtoto viatu inapata chochote. Akiondoka bure hakuna ada, na pasipo ada hakuna asilimia 5. Kwa hiyo klabu kubwa ikizembea kuzungumza mapema, hasara inashuka mpaka kwa yule kocha wa watoto anayefundisha kwenye kiwanja cha vumbi.

SEHEMU YA 4

Tuangalie yaliyotokea hapahapa kwetu. Sitatoa mfano wa Ulaya, ya kwetu yanatosha.

Fiston Mayele. Msimu wa 2022/23 aliibeba Yanga, akawa mfungaji bora wa Kombe la Shirikisho akiwa na mabao 7. Watu walilia alipouzwa Pyramids ya Misri mwaka 2023. Nini kikafuata? Yanga wakachukua ubingwa 2023/24, wakafika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, wakatolewa na Mamelodi Sundowns kwa penalti baada ya lile bao la Aziz Ki kukataliwa kule Pretoria. Mayele naye Juni 2025 kafunga kwenye fainali na Pyramids wametwaa Ligi ya Mabingwa Afrika. Klabu ilipata fedha na mbadala, na mchezaji akapata kombe.

Aziz Ki mwenyewe. Mwaka 2024 kila mtu alisema anaondoka. Yanga wakakaa naye, wakamwongeza mkataba, akacheza msimu mwingine, na Mei 2025 akaenda Wydad ya Morocco akiwa bado na mkataba. Kabaki kwanza, kisha kauzwa. Kumbe yote mawili yanawezekana ukiwahi.

Sasa Clatous Chama. Simba walimuuza Berkane mwaka 2021, akarudi Januari 2022. Mwaka 2024 mkataba wake ukaisha, na Julai ilipoanza akatangazwa Yanga. Kwa mtani! Bila ada. Sisemi nani alikosea nini ndani ya kile chumba, sikuwemo. Nasema tu matokeo tuliyaona wote, na yule shemeji yangu wa Msimbazi alikaa siku mbili bila kula vizuri.

Na Azam wenyewe hawana haja ya kujifunza mbali. Prince Dube alikaa kwao tangu 2020, mwaka 2024 wakaingia kwenye mvutano mrefu kuhusu mkataba, ukaishia yeye kuvaa jezi ya Yanga. Mwaka huohuo Kipre Junior aliuzwa MC Alger. Nyota wawili waliondoka klabu moja mwaka mmoja, mmoja kwa mkono wa kwaheri na mwingine kwa kuvutana. Uliza uongozi wowote duniani unapendelea njia ipi.

Ila nisiwe mtu wa upande mmoja. Kuuza si dawa ya kila ugonjwa. Mwaka 2021 Simba walimuuza Chama na Luis Miquissone katika dirisha moja, Miquissone akaenda Al Ahly. Simba walikuwa wametoka kuchukua ubingwa mara nne mfululizo. Kuanzia hapo mpaka msimu wa 2024/25, ubingwa ulikwenda Jangwani mara nne mfululizo. Sababu ziko nyingi, lakini ukitoa injini mbili za gari kwa mpigo usishangae likizima mlimani. Ukiuza, uwe umeshajua nani anaingia.

SEHEMU YA 5

Hapa nivae gwanda langu kidogo.

Kwenye hospitali moja niliyowahi kufanya kazi, siitaji, kulikuwa na dada mmoja wodi ya watoto njiti. Huyo dada alikuwa na mikono, jamani. Mshipa wa mtoto wa kilo moja, ambao mnauhangaikia watatu, yeye anaupata mara ya kwanza. Alikuwa anawafundisha akina mama kangaruu mpaka yule mwoga kabisa anamweka mtoto kifuani na kusinzia naye.

Alikuwa wa mkataba. Akauliza kuhusu kuongezewa, akaambiwa tutaangalia. Akaandika barua, barua ikalala kwenye faili. Kila mtu pale wodini alijua hospitali nyingine inamtaka. Mkataba ulipobakiza wiki mbili ndipo akaitwa ofisini kwa haraka, wakaanza kumkumbusha walivyomlea, walivyomfundisha, kwamba hana shukrani. Akasikiliza kwa adabu, akamaliza wiki zake mbili, akaondoka. Hakuna aliyekuwa ameandaliwa kushika nafasi yake. Wiki zilizofuata tulihangaika sisi, na wakahangaika akina mama waliokuwa na watoto wao pale.

Shukrani ni kitu kizuri, nimelelewa hivyo na nawalea wangu hivyo. Lakini shukrani haiwezi kujaza nafasi ya mshahara kwenye mkataba. Mtu akikupigia kazi ya milioni nane ukampa nne halafu ukamkumbusha umemtoa mbali, umempa sababu ya kuanza kusoma matangazo ya kazi.

Na ninapolitazama hili kama nesi kuna kitu kingine. Mwili wa mchezaji una muda wake. Wewe na mimi tunaweza kufanya kazi mpaka miaka 60. Mchezaji akifika 35 na bado anacheza ngazi ya juu, tunamshangaa. Na njiani kuna goti. Kano ya mbele ya goti ikikatika ni upasuaji, kisha mazoezi ya tiba kwa miezi tisa au zaidi, na wapo wasiorudi kuwa walivyokuwa. Msimu wa 2024/25 ulipoisha Fei alikuwa na miaka 27. Mkataba atakaosaini sasa ndio unaoweza kuwa mkubwa kuliko yote maishani mwake. Hivyo anapofikiria sana kabla ya kusaini, msimwite mroho. Anahesabu miaka aliyobakiwa nayo, kama ambavyo wewe ungehesabu.

SEHEMU YA 6

Nazijua hoja zenu, nyingine nimeshaambiwa na mume wangu mezani.

"Wakimuuza atakwenda Simba au Yanga, watakuwa wamemuimarisha mpinzani." Ni kweli, inauma. Lakini akimaliza mkataba anaweza kwenda hukohuko, tena bure. Ukimuuza sasa angalau una sauti: unaweza kusikiliza ofa ya nje kwanza, unaweza kupanga bei, unaweza kuomba mchezaji kama sehemu ya malipo. Ukingoja, umebaki mtazamaji kama sisi.

"Azam wana fedha, wamzuie tu mpaka mwisho, wana haja gani na hizo hela?" Hii hoja huwa inatoka kwa mtu ambaye hajawahi kufanya kazi mahali asipotaka kuwa. Mchezaji ambaye moyo umeshaondoka anakuja mazoezini kwa sababu ya mahudhurio. Wenzake wanamwona. Chipukizi wa akademi pale Chamazi wanamwona pia, nao wanajifunza jinsi klabu inavyowatendea watu wake wakitaka kukua. Na klabu yenye fedha haijawahi kuambiwa izimwage.

"Bila Fei Azam ni nani?" Azam walikuwa mabingwa msimu wa 2013/14 bila kupoteza mchezo hata mmoja, wakati huo Fei hayumo. Klabu ilikuwepo na itakuwepo. Hata hivyo nakubali kwamba kumpata kiungo wa kufunga mabao 19 si kama kwenda gengeni kununua nyanya. Ndiyo maana chaguo langu la kwanza ni abaki.

Kwa hiyo kama ningekuwa mezani, ningesema hivi. Moja, mpeni mshahara unaomweka juu kabisa katika kikosi, kwa sababu kazi yake iko juu kabisa. Mbili, mkataba usiwe wa kumfunga mtu, miaka miwili au mitatu inatosha. Tatu, na hili ndilo kubwa, andikeni ndani yake kiasi cha fedha ambacho klabu ya nje ikikileta, anaruhusiwa kwenda bila ugomvi. Kiwe kiasi cha haki, kinachofikika. Nne, mpeni muda wa kujibu wenye tarehe. Tarehe ikipita bila saini, fungueni mlango wa kuuza, mkamtafute mbadala kabla dirisha halijafungwa.

Akibaki kwa utaratibu huo, mashabiki watajua yupo kwa sababu anataka. Akiondoka, ataagwa vizuri, na klabu itakuwa na kitu cha kujengea timu.

SEHEMU YA 7 (ya mwisho, mkalale)

Nimalizie na wewe mama mwenye kijana anayecheza vizuri, ambaye siku hizi kuna mtu mwenye gari zuri anakuja kumwangalia mazoezini.

Akija na karatasi, usisaini siku hiyohiyo. Hata akisema kesho nafasi itachukuliwa. Isome, mpe na mwingine anayejua kusoma mikataba aisome. Kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 afungwe kwa mkataba unaozidi miaka mitatu. Ukiona mitano, uliza. Angalia imeandikwaje kuhusu mshahara, matibabu akiumia, na shule. Angalia mkataba unaweza kuvunjwaje na kwa kiasi gani, maana Fei alifika TFF kwa sababu ya hicho kipengele. Na nakala yako uitunze mahali unapotunza kadi ya kliniki, pale ambapo panya wala mjomba hawafiki.

Mfundishe pia kuzungumza mapema. Akiona hajatendewa haki aseme mwaka wa kwanza, kwa maneno na kwa maandishi, asingoje mpaka amejaa aanze kuandika barua za kuvunja. Tunawafundisha kusema "naumwa" kabla homa haijapanda, basi na hili ni lilelile.

Na kwa Azam, kama kuna mke wa kiongozi wao yumo humu ananisoma akinyonyesha, tafadhali mfikishie mzee ujumbe akirudi. Mwambie nesi kasema Januari si mbali, na kalamu ipo.

Haya, semeni na nyie. Abaki au auzwe? Andika na sababu, si jina la timu tu. Matusi nafuta, si mnanijua. Wiki ijayo surua, na kila mtu aje na kadi ya mtoto wake mkononi, tutazikagua moja moja.

Nesi wenu, natoka zamu.